Hajawahi kumpiga, lakini anamwogopa: je, huo ni ukatili?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mdogo wangu wa kike yuko katika ndoa mwaka wa nne sasa. Mume wake hajawahi kumpiga, na mbele ya watu ni mpole kuliko sisi sote. Lakini mshahara wa mdogo wangu unaingia kwenye akaunti ambayo mume ndiye anayeishika, simu yake hukaguliwa kila jioni, na akija kwetu hupigiwa mara kwa mara mpaka aage na kuondoka. Nilipomuuliza, alisema mumewe ana wivu tu kwa sababu anampenda. Wazazi wanasema kila ndoa ina mambo yake. Je, huu ni ukatili au naingilia yasiyonihusu? Na kama ni ukatili, nimkabili shemeji?

Jibu: Dada, nianze na jibu lenyewe ili usilisubiri. Mambo uliyoyataja, ikiwa yanatokea kama ulivyoyaeleza, ni ukatili wa majumbani, hata kama shemeji yako hajawahi kuinua mkono. Sijazungumza na mdogo wako, na yeye ndiye mwenye haki ya kusema maisha yake yakoje. Hata hivyo, kushika mshahara wa mtu, kumkagua simu kila siku na kumfanya ashindwe kukaa na ndugu zake ni vitendo vinavyofanya kazi moja. Vyote vinapunguza, siku baada ya siku, mambo ambayo mtu mzima anaweza kuyaamua mwenyewe bila kuomba ruhusa.

Watu wengi hushindwa kuutambua ukatili kwa sababu wanatafuta tukio: kofi, jeraha, usiku wa makelele uliowaamsha majirani. Sisi tunaofanya kazi hii tunatafuta mwenendo. Ndoa yenye afya inaweza kuwa na ugomvi mkubwa na maneno makali, na bado kila mmoja akabaki na uhuru wa kupinga jambo lingine kesho yake. Ndoa yenye ukatili, kwa upande wake, inaweza kuwa tulivu kabisa machoni pa wageni, kwa kuwa mmoja amekwisha kujifunza kinachompata akipinga. Ndiyo maana swali ninalolitegemea kuliko mengine ni hili: akikataa, nini hutokea? Mke anayempa mumewe namba ya siri ya simu kwa hiari yake, na anayeweza kuibadilisha wiki ijayo bila moyo kumwenda mbio, hafanani hata kidogo na mke anayeitoa kwa sababu mara ya mwisho alipoinyima alinyimwa usingizi, au alinuniwa siku tano mfululizo, au aliambiwa kwamba watoto watachukuliwa. Kitendo kinachoonekana ni kilekile; kilichotofautiana ni hofu iliyo nyuma yake.

Fikra hii ya mwenendo ina historia. Mwaka 1984, katika mji wa Duluth, jimbo la Minnesota nchini Marekani, wahudumu wa mpango wa kukabili ukatili wa majumbani waliwasikiliza wanawake waliokuwa wakiishi na wanaume wakatili, kisha wakayapanga waliyosimuliwa katika mchoro wa gurudumu ambao hadi leo hutumika kufundishia katika nchi nyingi. Katikati ya gurudumu waliandika mamlaka na udhibiti. Kwenye sehemu zinazotoka katikati waliweka mbinu za kila siku: vitisho, kutia hofu kwa macho na ishara, kudhalilisha, kumtenga mtu na watu wake, kukana au kumtupia lawama, kuwatumia watoto, kujifanya bwana wa nyumba asiyeulizwa, na kudhibiti fedha. Kipigo na ukatili wa kingono viliwekwa kwenye ukingo wa nje, kwa sababu ndivyo vinavyoyashikilia mengine yote. Mtu akipigwa mara moja, au akishuhudia mlango ukivunjwa karibu na kichwa chake, huenda asipigwe tena kwa miaka mingi. Kumbukumbu ile inatosha kumfanya atii. Kwa hiyo, ukisikia kwamba hajawahi kupigwa, sikiliza pia kama amewahi kuonyeshwa kwamba anaweza kupigwa.

Sheria zimekuwa zikiifuata fikra hiyo polepole. Sheria ya India ya mwaka 2005 ya kuwalinda wanawake inautaja ukatili wa kiuchumi waziwazi, na sheria ya Kenya ya mwaka 2015 inaukubali pamoja na ukatili wa kihisia. Mwaka huohuo wa 2015, Uingereza na Wales zilifanya mwenendo wa kumdhibiti na kumshurutisha mwenzi kuwa kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 5, bila kuhitaji jeraha hata moja. Takwimu hazijafika huko. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2021 yanaonyesha kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, mara nyingi na mwenzi wake. Hesabu hiyo inayonukuliwa kila mahali haimhesabu mwanamke ambaye amefungwa kwa fedha, simu na maneno tu. Mdogo wako, kwa jinsi ulivyomweleza, hayumo ndani yake.

Sasa nizitazame aina zenyewe, nikianza na fedha, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapodanganyika kwa kuona mpango mzuri wa nyumba. Wenzi kuwa na akaunti moja si ukatili, na mmoja kuwa hodari wa hesabu kuliko mwenzake si ukatili. Tazama kama anayepata mshahara anajua kiasi kilichobaki, kama anaweza kukitumia kwa jambo dogo bila kutoa maelezo, na kama anaweza kusema kuanzia mwezi ujao angependa kushika fedha zake mwenyewe. Ukatili wa kiuchumi huja kwa njia nyingi. Kuna anayetwaa mshahara wote na kumpa mwenzake nauli ya siku moja kwa siku moja. Kuna anayemzuia mwenzake kufanya kazi. Na kuna yule mjanja zaidi, ambaye hamkatazi bali huhakikisha kazi haiwezekani: anazua ugomvi usiku wa kuamkia usaili, anaficha vyeti, anafika kazini kwake na kufanya fujo mpaka mwajiri achoke. Kuna anayechukua mikopo kwa jina la mwenzake, ambaye huja kugundua madeni siku anapodaiwa. Na kuna anayedai risiti ya kila kitu, akihesabu chenji kama mkaguzi, huku matumizi yake yeye hayaulizwi. Aina hii ina madhara marefu kwa sababu inaziba njia ya kutokea: mtu asiye na akiba, asiye na kazi na mwenye madeni anayoyajua mume peke yake hawezi kulipa kodi ya chumba, na mara nyingi hurudi alikokimbia kwa sababu hiyo tu.

Kutengwa na watu huenda sambamba na fedha. Huanza na maneno laini, kwa mfano kwamba dada yako ana maneno mengi, au rafiki yako hajatulia, au mimi nakutosha. Baadaye kila ziara inakuwa na gharama yake. Simu zile unazozisikia mdogo wako akiwa kwenu zinakufanya wewe usijisikie vizuri, zinamfanya yeye aone aibu, na mwishowe nyote mnaona ni rahisi zaidi asije. Hakuna aliyemkataza. Ukimuuliza mumewe atasema, pengine kwa unyofu kabisa, kwamba mkewe yuko huru kutembelea ndugu zake wakati wowote. Hii ndiyo sababu ukatili wa namna hii ni mgumu kuuthibitisha kwa kuuliza kama amekatazwa. Ni bora kuhesabu ni mara ngapi alikuja miaka minne iliyopita na ni mara ngapi anakuja sasa.

Simu imeongeza nguvu ya yote haya. Kukagua ujumbe kila jioni ni sehemu tu. Kuna wanaoweka programu ya kufuatilia mahali mwenzao alipo, wanaosoma barua pepe zake kutoka kifaa kingine, na wanaotishia kusambaza picha zake za faragha. Hapa nina onyo la vitendo. Ukishuku kwamba simu ya mdogo wako inafuatiliwa, usimshauri aifute programu hiyo papo hapo, kwa sababu mhusika ataona amegunduliwa na anaweza kuchukua hatua kali kabla hamjajipanga. Mazungumzo ya msaada yafanyike kwa kuonana ana kwa ana au kwa simu ya mtu mwingine mnayemwamini. Maana yake pia ni kwamba usimtumie jibu hili.

Ukatili wa maneno na wa kisaikolojia unajulikana zaidi, kwa hiyo nitausema kwa ufupi: matusi, kudharau akili au umbo la mtu, kumfanyia mzaha mbele ya watoto, kumtisha kwamba mhusika atajiua akiachwa. Kilichojificha zaidi ni ule mtindo wa kumfanya mtu atilie shaka akili yake mwenyewe. Mhusika anakana maneno aliyoyasema jana, anahamisha vitu na kudai mwenzake ndiye aliyevipoteza, anasema kwamba kila mtu anajua huyu mke ana matatizo ya akili. Baada ya muda mwathirika huanza kusimulia mambo yake kwa kusitasita, akirudia kwamba huenda anakosea au huenda amezidisha. Ukimsikia mtu aliyekuwa na msimamo akizungumza hivyo kuhusu nyumba yake tu, lakini kazini bado ni mwepesi wa kuamua, zingatia tofauti hiyo.

Kuna aina ambayo hata ndugu wa karibu hawaiulizi. Ndoa si ridhaa ya kudumu. Kumlazimisha mke au mume tendo la ndoa, kumtisha ili akubali, au kulifanya akiwa amelala au amelewa ni ukatili wa kingono, hata pale ambapo sheria ya nchi bado haijalitambua hilo waziwazi. Vivyo hivyo kudhibiti uzazi: kutupa vidonge vya uzazi wa mpango, kuharibu kondomu, kumshurutisha mtu abebe mimba asiyoitaka au aitoe anayoitaka. Mimba moja baada ya nyingine, katika nyumba ambayo mama hana kauli, inaweza kuwa namna ya kumfunga asiondoke, na wahudumu wa kliniki wakati mwingine ndio wa kwanza kuiona.

Kuhusu ukatili wa kimwili sihitaji kueleza ngumi wala kofi. Nitasimama kwenye jambo moja ambalo watu hulichukulia kwa wepesi kuliko inavyostahili, nalo ni kukabwa koo. Mara nyingi halimwachi mtu na alama yoyote ya nje, na mwathirika husema tu kwamba alishikwa shingo kidogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba wanawake waliowahi kukabwa na wenzi wao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa baadaye na wenzi haohao, kiasi cha mara 7. Mtu aliyekabwa ambaye sauti imekwaruza, anapata maumivu akimeza, ana madoa madogo mekundu machoni, alijikojolea au hakumbuki sehemu ya tukio, anahitaji hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa mishipa ya shingo ikijeruhiwa inaweza kuleta kiharusi saa au hata siku kadhaa baadaye. Sababu ya kukuandikia haya, ingawa umesema hapigwi, ni kwamba wengi wanaojibu hapana wakiulizwa kama wamepigwa hujibu ndiyo wakiulizwa kama wamewahi kukabwa, kusukumwa, kufungiwa ndani au kuzuiwa mlangoni. Uliza kitendo kwa jina lake.

Dalili nyingine zinazoashiria hatari ya kifo ni tishio la kuua, silaha kuwapo nyumbani, kufuatwafuatwa, kipigo wakati wa ujauzito, na wivu usio na mpaka unaoambatana na kauli za kwamba kama si mimi hatakuwa na mwingine. Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alitengeneza katika miaka ya 1980 dodoso la kupima hatari hiyo, na sehemu yake ya kwanza ni kalenda ya kawaida ambayo mwanamke huwekea alama siku alizoumizwa. Mtu aliyezoea kusema kwamba ni mara mojamoja tu huitazama kalenda yake na kuona anachokiishi. Njia hiyo inaweza kutumika hata kwa ukatili usio wa kipigo, ila kumbukumbu hizo zisihifadhiwe nyumbani wala kwenye simu inayokaguliwa.

Utasikia visingizio viwili. Cha kwanza ni pombe. Pombe inaweza kuzidisha ukali wa tukio, lakini mlevi anayempiga mkewe peke yake, akamwacha mwenye baa na bosi wake, ana kiasi cha kutosha kuchagua. Cha pili ni kwamba mbona akikosea huomba radhi. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Lenore Walker alieleza mzunguko wa hatua tatu: mvutano unaopanda, mlipuko, kisha kipindi cha upole, toba na zawadi. Maelezo hayo yamewasaidia wengi kuelewa kwa nini mtu hubaki, kwa kuwa yule wa kipindi cha upole ndiye aliyempenda na ndiye anayemsubiri arudi. Hata hivyo nakushauri usiufanye mzunguko huo kuwa kipimo. Nyumba nyingi hazina kipindi cha toba kabisa, na udhibiti kama wa mdogo wako hauna mlipuko; unaendelea kwa kiwango kilekile kila siku, Jumatatu hadi Jumapili.

Niongeze kwa haraka kwamba mwanamume anaweza kutendewa haya yote, na aibu humfanya anyamaze zaidi. Kwamba mzazi mzee anayenyang'anywa pensheni na watoto wake anatendewa ukatili wa majumbani. Na kwamba mtendaji anaweza kuwa mkwe au wifi. Watoto wanaosikia kutoka chumba cha pili nao ni waathirika, hata kama hawajaguswa.

Sasa maswali yako mawili ya mwisho. Kuhusu kuingilia, kuna tofauti kati ya kumwamulia mtu na kumwachia mlango wazi. Tafuta nafasi mkiwa wawili tu, mahali ambapo kuchelewa kwake hakutahitaji maelezo. Usianze na neno ukatili, wala usimseme vibaya mumewe, kwa sababu atalazimika kumtetea na mazungumzo yatakwisha hapo. Mwambie ulichokiona kwa macho yako: nimeona simu ikiita unabadilika uso, nimeona hukununua dawa mpaka umeuliza. Kisha muulize nini hutokea akichelewa kuipokea, na unyamaze. Akikana, kubali jibu lake bila kununa, mwambie kwamba hata akitaka kuzungumza baada ya mwaka mmoja hutamuuliza kwa nini alikaa, na endelea kumtembelea. Asipokuja yeye, nenda wewe, kwa visababu vya kawaida.

Swali la kwa nini haondoki lifute kabisa, kwako na kwa wazazi. Kipindi cha kutengana, na miezi inayofuata, ndicho chenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa ndipo mhusika anapoona udhibiti unamponyoka. Kuondoka hupangwa: nakala za vitambulisho, vyeti na kadi za kliniki za watoto zinawekwa kwa mtu mwingine, akiba ndogo inaanzishwa mahali pasipofikika, mnakubaliana neno la kawaida ambalo akilitamka kwenye simu unajua uite polisi. Kabla ya hapo, wewe mwenyewe nenda ukazungumze na ofisi ya ustawi wa jamii au shirika linalowahudumia waathirika wa ukatili lililo karibu nawe, ujue kuna nyumba salama au la, na jinsi amri ya mahakama ya ulinzi inavyoombwa. Huhitaji kumtaja mtu ili kupata maelezo hayo.

Kuhusu shemeji, usimkabili. Usimwite kwenye kikao cha familia, na usiwashauri waende kwa mshauri wa ndoa wakiwa pamoja, maana chochote mdogo wako atakachokisema mle ndani atakijibia wakiwa wamerudi nyumbani wawili tu. Ukimkabili, hatakulipa wewe; atamlipa yeye, na la kwanza litakalokatwa ni zile ziara chache zilizobaki. Endelea kumsalimu shemeji yako kama kawaida, ili nyumba ile iendelee kukufungukia. Hatari ikionekana ya wazi, yaani tishio la kuua, silaha, kukabwa au mtoto kuumizwa, piga simu polisi wakati huohuo na usisubiri ruhusa ya wazazi.